Mbao za Behewa la Tatu

Habari ya kifo cha Papa Anselme ilinikuta Kasumbalesa, mpakani, nikiwa nimekaa juu ya robota la mitumba nikila muhogo wa kuchoma. Aliyenipa ni dereva wa lori la samaki, na hakujua kwamba namfahamu marehemu. Alikuwa akinieleza tu kwa nini alichelewa Likasi, jinsi njia moja ya mtaa wa Kikula ilivyozibwa na turubai la kilio. "Ni ule muzee ya matreni ya kidogo," alisema kwenye simu. "Ule kipofu." Nikamwambia sauti yake inakatika, ingawa nilikuwa namsikia vizuri, nikazima. Nina miaka arobaini na miwili. Nimeishi katika miji ambayo siwezi tena kuihesabu bila kurudia mmoja mara mbili, na karibu yote niliiacha bila kuaga. Niligundua mapema, tangu nilipoacha shule darasa la sita, kwamba hakuna anayemzuia mwanamke anayetoka asubuhi na kikapu kichwani; kila mtu hudhani anakwenda sokoni. Sijutii miji hiyo. Najutia nyumba moja tu, ya Kikula, ambako nilikaa mwaka mmoja nikijifunza kutengeneza mabehewa ya treni yenye urefu wa kiganja na nusu, na ambako nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu. Kesho yake nilipanda gari kwenda Likasi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipofika huko mara ya kwanza. Nilikuwa nimeosha mawe ya shaba Kakanda, nimepikia wachimbaji Kamatanda, na sasa nilikuwa nanunua samaki Mwadingusha kuja kuwauza mjini. Mama Véro alinipangisha chumba cha nyuma. Yeye alikuwa mjane mwenye maneno machache na mapishi mengi, na chumba cha mbele aliishi kaka yake, Papa Anselme, ambaye zamani alikuwa seremala wa mabehewa kwenye karakana ya reli. Mlango wa chumba hicho ulikuwa wazi mchana kutwa, hata wakati wa vumbi, kwa sababu mzee alifuata mwanga: asubuhi meza ilikuwa kizingitini, adhuhuri uani, jioni aliisukuma hadi ukuta wa magharibi. Wiki yangu ya kwanza nilipita hapo nikamkuta amebana behewa dogo jekundu, zuri sana, lenye vibaraza viwili na vyuma vya kushikilia vyembamba kama sindano, katikati ya vipande viwili vya malapa ya zamani, na alikuwa analikata kwa msumeno katikati ya tumbo. Nikasimama. Mimi nikiona mtu anafanya jambo nisilolielewa, miguu hukataa kwenda.

"Ukisimama pale unakula mwangaza yangu," alisema bila kugeuka.

Nikasogea. "Papa, kwa nini unakata kintu ya muzuri hivi?"

"Ju ni ya muzuri ku kwao. Huku itakuwa ya uwongo."

"Kwao ni wapi?"

"Ku milima ya baridi. Tutaifundisha joto."

"Na ile nusu ingine utafanya nayo nini?"

Akaweka msumeno chini. "Mwana, weye unauliza sawa polisi. Macho yako inaona muzuri?"

"Inaona hata bile bantu banaficha."

"Bon. Basi kuya hapa, uniambie kama hii mustari inanyooka."

Mstari aliokata haukuwa umenyooka. Ulianza vizuri halafu ukaenda zake kulia, kama mlevi anayekumbuka nyumba nyingine. Nikamwambia hivyo. Alisugua macho kwa nyuma ya mkono. "Bantu babili balishaniambia inanyooka," alisema. "Balinionea huruma." Tangu siku hiyo, samaki wakiisha kuuzwa, nilikuwa nakaa upande wa pili wa meza.

Mabehewa yalikuwa kumi, zawadi ya padri mmoja mzee aliyerudi kwao kufia nyumbani. Padri alikuwa na reli ndogo juu ya mbao, ya namna ya zile reli nyembamba za milimani kwao, na kwa kuwa reli zetu nasi ni nyembamba kuliko za nchi kubwa, alidhani atamfurahisha seremala kwa kumwachia kitu kinachofanana na kazi yake. Hakikufanana. Papa Anselme alinieleza tofauti hizo siku nzima, akihesabu kwa vidole, na mimi nikamuuliza mpaka vidole vikaisha. Mabehewa ya milimani ni mafupi, yana vibaraza wazi kila mwisho. Yetu yalikuwa marefu, yamefungwa ncha zote mbili, yamevimba nje ya reli kama mtu mnene juu ya baiskeli. Paa letu lilikuwa la mviringo, limevikwa turubai lililopakwa rangi, na juu ya kila dirisha palikuwa na kikope cha kuzuia jua. Kwa hiyo mabehewa kumi yakatwe yapatikane sita. Vibaraza vitupwe, vipande vya miili viunganishwe, mshono uzibwe usionekane, paa lifanywe upya. Sita, si saba wala matano. Nilipouliza kwa nini sita, alisema, "Ni treni moya. Minye niliitengeneza mwenyewe," na katika mwaka mzima nilioishi pale hakuongeza neno juu ya hilo.

Nikisema alinifundisha, ni kweli, lakini na mimi nilileta mambo yangu. Yeye alikuwa anaziba mishono kwa gundi na vumbi la mbao, na baada ya siku mbili ufa ulirudi. Mimi nilichukua rangi ya kucha isiyo na rangi, nikaichanganya na poda ya watoto, nikapaka, nikasugua kwa tupa ya kucha, na alipopitisha kidole hakupata mshono. Alipitisha tena. "Mama ya samaki," aliniita kwa mara ya kwanza, na jina likabaki. Viti vya ndani tulivitengeneza kwa vijiti vya kuchomea nyama vilivyookotwa mlangoni kwa baa, kimoja kimoja, tukavichemsha mafuta yatoke. Paa tulilivika bandeji. Vifungo vya kuunganishia behewa na behewa vilikuwa waya wa shaba, na shaba Likasi haijawahi kumpiga mtu chenga. Rangi, kijani kilichochoka cha karakana yao, ilitoka kwa fundi wa magari, tukaipuliza kwa bomba la dawa ya mbu. Namba niliziandika mimi, kwa sindano ya kushonea nywele iliyochovywa katika rangi ya maziwa, nikishikilia pumzi. Yeye alinitajia namba hizo bila kuangalia popote, kama mtu anayetaja majina ya wadogo zake.

Siku ya vanishi ilikuwa na sheria zake. Kwenye karakana yao, behewa likipakwa vanishi ya mwisho, hakuna aliyefagia, aliyepika karibu, wala aliyezungumza juu yake. Vumbi na mate vinakaa humo miaka. Huku Kikula Papa Anselme alifanya vilevile. Tulimwagia uwanja maji alfajiri, jiko likazimwa, na sisi watatu tukashinda kimya kama watu walioko kanisani bila padri. Mama Véro alikuwa anakula bukari baridi, ugali wa jana, akimwangalia kaka yake kwa jicho la pembeni. Vanishi ilipokauka, alisema maneno yake yote ya siku mara moja: "Bantu bengine babaume yao banalewa pombe. Minye kaka yangu analewa vagoni."

Mgeni wetu wa kila wakati alikuwa Papa Kalenga, mkaguzi wa tiketi mstaafu, mwembamba, aliyetembea bado kana kwamba sakafu inatikisika. Alikuja kunywa munkoyo na kutucheka. Ndani ya mabehewa ya padri kulikuwa na abiria walioketi, wazungu wadogo wenye kofia na mabegi, na kazi ya kwanza ya Papa Anselme kwa kila behewa ilikuwa kuwang'oa kwa wembe na kuwatia ndani ya kopo la maziwa. Papa Kalenga alilitikisa kopo hilo karibu na sikio kila alipofika.

"Anselme, hawa bazungu balikosa nini? Umebafunga hapa bila kesi."

"Hawana tiketi."

"Tiketi nitabakatia minye. Bapande."

"Vagoni yangu haibebe bantu," alisema Papa Anselme, na hakutabasamu. Mimi nilicheka. Nilidhani ni sehemu ya mchezo wao. Niliwahi hata kumshauri tuwapake abiria wale rangi nyeusi, tuwavalishe vitenge, warudi kukaa. Alijifanya hakunisikia, akaniomba nimpe sandpepa.

Nikikumbuka mwaka ule sasa, naona kwamba nilikuwa na furaha, na kwamba furaha hiyo ilikuwa imesimama juu ya jambo ambalo kila mtu uani alilijua ila mimi. Treni zilikuwa chache. Lakini moja ikipita kule chini, hata ya mizigo, mzee aliacha alichokishika, akageuza sikio, midomo ikisogea, akihesabu mabehewa kwa mgongano wa magurudumu kwenye viungo vya reli. Mama Véro naye aliacha mwiko ndani ya sufuria. Walisubiri mpaka sauti imalizike kabisa nyuma ya vilima, ndipo mwiko ukaanza tena kuzunguka. Nilimuuliza mzee anahesabu nini. "Nazoeza masikio," alisema. "Macho inaenda." Jibu hilo lilinitosha, kwa kuwa lilikuwa la kweli: macho yalikuwa yanakwenda, yakianzia pembeni, kama mtu anayevuta mapazia mawili polepole. Alikuwa na hofu moja tu ambayo aliisema wazi, asubuhi moja alipotafuta brashi iliyokuwa mkononi mwake. Alisema, "Nimalize mbele ya giza kufika. Hiyo tu."

Na palikuwa na behewa la tatu. Tulikuwa tumemaliza la kwanza, la pili, la nne na la tano. La sita lilikuwa linasubiri paa. La tatu lilikaa kwenye rafu, limeunganishwa, limepakwa rangi, lina viti ndani, lakini madirisha yake yalikuwa matundu matupu. Mengine tuliyatia vioo vya plastiki ya maboksi ya mashati. Kila nilipolichukua nilitie vioo alisema, "Ile, ngoja." Nilingoja miezi. Kwa jinsi nilivyomwelewa, alikuwa amesahau madirisha yake yalikuwaje, na aliona aibu kusahau. Nilipanga kumsaidia.

Joto la kabla ya mvua lilipofika, Mama Véro alimpeleka Lubumbashi kwa daktari wa macho. Walikwenda wiki moja. Siku ileile nilimfuata Papa Kalenga barazani kwake, nikamkuta anamenya karanga.

"Papa Kalenga, vagoni ya tatu ilikuwa na madirisha ya namna gani?"

"Ya tatu ya treni gani?"

"Ile tunatengeneza na Papa Anselme." Nikamtajia namba.

Vidole vyake vikasimama. "Njo ile treni anatengeneza?" Akatazama maganda mapajani. "Ile haikuwa na vioo, mama. Ni treni ya mwaka ule bantu ya Kasai balifukuzwa. Bavijana balivunja vioo na mawe pale ku gare, ku stesheni. Ikabaki matundu, na batoto bangeangukia inje. Donc Anselme alipiga mbao. Dirisha yote, chini mpaka juu, siku moya, yee peke yake. Kazi muzuri, sitasahau. Hata kisu haingeingia kati ya mbao na mbao."

Kila mtu Likasi anaujua mwaka ule. Familia zenye asili ya Kasai, watu waliozaliwa hapa, waliosoma hapa, walitolewa majumbani na wakalala uwanja wa stesheni wiki baada ya wiki wakingoja treni. Mimi nilikuwa mtoto, mji mwingine, lakini niliwaona wakipita na treni. Ningepaswa kusimama hapo. Badala yake nilikaa juu ya kigoda na kuuliza: mbao ngapi kwa dirisha moja? Tano. Mbao gani? Za masanduku. Zilipakwa rangi? Hapana, hazikupakwa kitu. Misumari miwili kila ncha au mmoja? Miwili. Papa Kalenga alijibu yote, halafu akasema, "Mama ya samaki." Nikasema, "Ndiyo, papa?" Akanijazia kiganja. "Hapana," alisema. "Kula karanga." Nilikuwa na maswali mengi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na swali la nani alipanda behewa lile halikunijia.

Nilifanya kazi siku tano na sikwenda kuchukua samaki. Nilipasua njiti za kiberiti kwa wembe mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Madirisha nane kila upande, mbao tano kila dirisha. Nilizichovya katika chai kali, nyingine mara mbili, ili zisifanane, kwa maana mbao za masanduku hazifanani. Nilizibandika kwa ile gundi ya mirija miwili ambayo ikishika haikumbuki tena kuachia. Vichwa vya misumari niliviweka kwa ncha ya sindano na maji ya kutu. Siku ya vanishi nilimwaga maji uwanjani, sikuwasha jiko, sikusema na mtu. Lilipokauka nililibeba hadi kizingitini, likaonekana limetoka katika dunia ya kweli, na mengine yote matano yakaonekana ya kuchezea. Nilikaa nikilitazama mpaka kivuli kikanifika.

Walirudi Jumamosi adhuhuri. Daktari alisema hakuna la kufanya. Mama Véro aliniambia hayo mlangoni kwa midomo tu, bila sauti. Alipika tomsoni, samaki wa barafu, na mboga ya lengalenga, tukakaa uani, na Papa Anselme alikula kidogo huku akigeuza uso kuelekea jua kama mtu anayehakikisha bado lipo. Nilitaka kumpa kitu cha kumfuta ile safari. Aliponawa mikono nikamwambia, "Papa, shika," nikamwekea behewa la tatu viganjani.

Alianza na paa, kama kawaida yake. Kisha kidole gumba kikashuka kwenye dirisha la kwanza. Kikapita mbao tano, moja moja. Kikaenda la pili. La tatu. Kwenye la nne, upande wa kushoto, kikasimama.

"Nani alikuambia?"

"Papa Kalenga."

"Alikuambia na nani alikuwa ndani?"

"Hapana, papa."

Akatia ukucha kati ya ubao na ubao, akasukuma. Haukuingia. Akajaribu chini yake. Haukuingia. "Inakamata," alisema, kwa sauti ya mtu anayekagua kazi ya mwenzake karakanani. "Hakuna hata fasi ya ukucha. Uko na mukono muzuri, mwana. Sawa yangu."

"Anselme," alisema Mama Véro. "Leka, acha."

Aliliweka behewa mezani kwa uangalifu mkubwa, akasimama, akatafuta ukuta kwa mkono, akaingia ndani. Kwa mara ya kwanza tangu niijue nyumba ile alifunga mlango mchana.

Mama Véro alinieleza jikoni, akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Kaka yake, mwenyeji wa hapa, alikuwa na mke wa Kasai, Kapinga, na mtoto wa kike, Ngalula, wa miaka minne. Walikubaliana mama na mtoto waondoke kwa miezi mitatu, baba abaki na kazi na nyumba mpaka watu watulie. Yeye mwenyewe aliwachagulia behewa. Aliomba ruhusa kwa wakubwa wake kuziba madirisha yale, ili mtoto asianguke na mawe yasiingie, na akapiga mbao tangu asubuhi mpaka jioni huku Ngalula akimpa misumari. Safari ya siku mbili ilichukua wiki tatu. Treni ilisimama porini, juani, watu wamejazana ndani kama muhogo kwenye gunia.

"Kapinga aliandika barua moya tu," alisema Mama Véro. "Mutoto alikuwa anaweka pua ku dirisha, anatafuta hewa. Ya ine, upande ya kushoto. Anasogeza pua huku, anasogeza huku. Hakukuwa na fasi. Kaka yangu alipiga mbao muzuri sana." Aligeuza sufuria akaanza kusugua nyuma. "Balimuzika kando ya reli, fasi Kapinga hakujua jina yake. Na yee hakurudia. Minye simulaumu."

"Na hii treni anatengeneza?"

"Alitaka ile moya ikuwe na madirisha ya wazi. Alikuwa anangoja roho yake imuambie sasa." Ndipo akaniangalia. "Haukujua. Lakini unaulizaka kila kintu, mwana. Kila kintu. Kwa nini ile haukuuliza minye?"

Labda nilipenda vitu kuliko watu, kwa kuwa vitu havikuulizi umetoka wapi na utakaa mpaka lini. Asubuhi nilimwendea mzee na wembe mkononi, nikamwambia nitaziondoa zote siku hiyohiyo. Alitikisa kichwa. "Leka. Si kosa yako. Nilikuomba macho, na macho inaona." Hakunikasirikia kamwe. Tuliendelea na paa la behewa la sita kwa wiki mbili zaidi. Ila akitaka kujua kama mstari umenyooka, sasa alimsubiri Papa Kalenga, na Papa Kalenga alimwambia umenyooka. Nilikuwa nimekaa palepale, upande wa pili wa meza, na niliuona ukienda kulia. Mvua ya kwanza iliponyesha nilitoka asubuhi na kikapu changu. Mama Véro alikuwa anafagia, akaniuliza kama nitaleta samaki wabichi au wakavu. Nikasema wabichi.

Nilipofika kwenye kilio, walikuwa wameshamzika. Turubai lilikuwa bado limefungwa, wanawake wamelala juu ya mikeka, majivu ya moto yanafuka katikati ya uwanja. Papa Kalenga alikufa zamani, waliniambia. Mama Véro alikuwa amekaa ukutani amefungwa kitambaa kichwani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na nilipopiga magoti mbele yake aligeuza uso pembeni yangu kidogo, kama kaka yake alivyokuwa akifanya. Ugonjwa ule uko katika damu yao. Alinishika mkono, akaunusa.

"Samaki haiko tena," alisema.

"Nauzisha nguo sasa, mama."

"Ulisema utaleta ya mubichi."

Wanawake wawili walicheka, bila kujua wanacheka nini. Mimi nikalia, na yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza, ndipo akaniomba nimwinue. Tuliingia chumba cha mbele. Harufu ilikuwa ileile, ya vanishi na njiti. Mabehewa matano yalikuwa kwenye rafu, yamepigwa vumbi. La tatu lilikuwa ndani ya sanduku la viatu, limefungwa kwa kitambaa, na alilitoa bila kupapasa, kama kitu anachokigusa kila siku.

Mbao zilikuwa zimeondolewa. Zilikuwa zimeng'olewa na mtu asiyeona, kwa wembe, ukucha baada ya ukucha, na gundi yangu ilikuwa imeondoka na vipande vya ukuta. Rangi ya kijani ilichanika. Fremu mbili zilivunjika na kubandikwa tena zikiwa zimepinda. Palikuwa na madoa meusi ambayo kwanza nilidhani ni kutu.

"Ilimukamata miaka," alisema Mama Véro. "Leo ubao moya, kesho hakuna. Anajikata, anaweka chini, anarudilia. Nilimuambia niite muntu amusaidie, akakatala."

Nililigeuza upande wa kushoto. La kwanza, la pili na la tatu yalikuwa wazi, na la tano hadi la nane pia. La nne lilikuwa bado limezibwa, mbao zake tano zikiwa salama na vichwa vya misumari vimekaa kwenye mstari, kama siku niliyolitazama kizingitini.

"Hii hakugusa," alisema, na kidole chake kikaenda moja kwa moja juu ya dirisha lile. "Alisema vidole vyake vinakatala. Alisema ni ya mama ya samaki, atakuya kuiondoa."

"Alisema na hasira?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Hapana. Alisema tu. Sawa muntu anagawanya kazi."

Wembe ulikuwa palepale kwenye droo ya meza, mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli. Niliisukuma meza hadi kizingitini. Nilianza kwa ubao wa chini, nikipitisha ncha ya wembe nyuma yake kidogokidogo, na gundi ilikataa kama nilivyoiagiza ikatae nilipokuwa na miaka ishirini na minne. Uani waliimba wimbo wa kanisani wakauacha katikati mtu alipoleta chai. Ubao wa tatu ulinichukua muda kuliko wote. Mama Véro alikuwa amekaa karibu nami akisikiliza kila mkwaruzo. Wa tano ulipodondoka mezani, alisikia hata huo.

"Unaona nini?"

Nikainamisha kichwa. Ndani palikuwa na nusu giza, na mwanga wa dirisha la upande wa pili. "Kiti," nilisema. "Kile ya vijiti."

"Kuna muntu?"

"Hapana, mama. Hakuna."

Akanyoosha viganja, nikamwekea behewa. Alilipapasa mpaka akalipata tundu jipya, akaliinua hadi usoni, akaweka pua kwenye dirisha la nne na kuvuta pumzi, taratibu, mpaka kifua kikajaa.

"Inapita," alisema.